Ahadi Tuliyowapa Wavuta Bangi

Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Tanga, bado mgeni kazini, nilipoitwa bomani na kuambiwa kwamba kuna bibi wa Kizungu anayehitaji mkalimani. Amekuja, walisema, kutafiti kwa nini vijana wa mjini wanavuta bangi, na kama ni kweli kwamba bangi ndiyo inayowafanya wezi. Wazee wa mitaa walikuwa wamemlalamikia liwali, liwali akamlalamikia bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na bwana shauri akataka viboko viongezwe. Wakubwa wake walikuwa wamemjibu kwamba kwanza wanataka kujua mambo yalivyo. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Nikakubali.

Yule bibi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kunyamaza muda mrefu baada ya mtu kumjibu, kana kwamba jibu bado linaendelea. Hakutaka kukaa bomani. "Nani atakuja kuniambia anavuta bangi huku askari yuko mlangoni?" aliniuliza. Basi nikampeleka nyumbani kwa shangazi yangu, Ngamiani, alikonilea tangu wazazi wangu walipofariki. Shangazi alitutandikia mkeka uani, chini ya kibanda cha makuti, na watu wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma: akina mama wa vijana kwanza, kisha dada zao, kisha vijana wenyewe.

Kila aliyeingia aliambiwa jambo moja kabla ya yote. Hapana jina litakaloandikwa. Hapana neno litakalofika polisi. Yule bibi alilisema kwa Kiingereza na mimi nikalitia katika Kiswahili. Sikulitilia maanani wakati ule, lakini waliokaa kwenye mkeka hawakujua Kiingereza. Waliyemsikia akiahidi ni mimi.

Nilisikia mambo ambayo sikuyafikiria. Kijana wa bandarini alituambia anavuta ili mgongo usimuume. Mwingine alivuta kwa sababu rafiki zake wanavuta, na mtaani hana wengine. Msichana mmoja wa umri wa wanafunzi wangu alisema kaka yake huvuta kisha hulala, na kwamba akilala ndiyo saa pekee nyumba inapata utulivu. Wezi tulikuwa hatujawapata bado, au kama walikuja, hawakusema.

Jumamosi moja asubuhi aliletwa kijana wa miaka kumi na sita. Mama yake ndiye aliyemleta. Nilimfahamu yule mama tangu utotoni. Alikuwa mpole wa sauti, hodari wa kushona kofia za viua, zile za kudariziwa, na mumewe alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wetu na mwalimu wa chuo. Nusu ya watoto wa Ngamiani walisomea Kurani kwake, na mimi nikiwamo. Mama alimsukuma mwanawe mbele kidogo, akaniambia, "Zungumza naye, mwanangu. Mimi hanisikii. Baba yake hajui kitu, na siku akijua sijui patakuwaje." Kisha akaenda jikoni kwa shangazi ili kijana awe huru kusema.

Kijana alikaa akichezea ukindu uliochomoka mkekani. Mwishowe kijana akasema, bila kunitazama:

"Hata jana nimevuta."

"Jana Ijumaa?"

"Wakati wa sala."

Nilifasiri. Yule bibi akauliza, wapi?

"Tongoni. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi na wenzangu wawili. Kwenye magofu."

"Makaburini?" nilimuuliza, na hilo halikuwa swali la mtafiti, lilikuwa langu.

"Msikitini. Ule wa kale, uliobomoka. Kuna kivuli." Kisha, kama mtu aliyeamua kwamba akishalowa hana haja ya kukimbia mvua, akaeleza yote. Walikuwa wamekaa karibu na kibla, mahali pa imamu, wakivuta, akatokea bibi mmoja wa pale kijijini aliyekuja kufagia makaburi na kufukiza udi. Aliwatukana, akampiga yeye mgongoni kwa ufagio, wakakimbia. Alirudi mjini sala imekwisha. Baba alipomuuliza alisali wapi, alijibu alikuwa safu ya nyuma.

"Baba ndiye aliyeadhini," alisema. "Nilisikia sauti yake wakati tunatoka mjini. Mwalimu, usimwambie."

"Hatumwambii mtu," nilisema. Hapo sikungoja nifasiri.

Wakati tunazungumza uani pale, mji mzima ulikuwa na habari nyingine. Ile Ijumaa, watu wakiwa misikitini, bohari moja ya nguo karibu na bandari ilivunjwa, na mlinzi wake, mzee wa watu, akapigwa chuma kisogoni. Alikuwa hospitali, hajui nani aliyempiga. Mlangoni mwa bohari polisi waliokota kipisi cha bangi, na hilo likatosha. Jumatatu asubuhi askari waliingia Ngamiani na kuanza kukamata vijana. Waliwachukua vibarazani, kwenye mashine ya kukoboa, kwenye foleni ya bomba la maji. Kila mama aliyewahi kukaa kwenye mkeka wetu alinitazama nilipopita njiani, na sikuweza kusoma macho yale yanauliza au yanahukumu.

Jumanne niliitwa stesheni ya polisi pamoja na mtafiti. Inspekta alikuwa Mzungu mwenye mashavu mekundu, anajua Kiswahili cha kuamrisha. Kwanza walizungumza wao kwa Kiingereza. Yule bibi alisema hana majina, hakuandika hata moja, na hata akiulizwa nyuso hawezi kuzitofautisha. Inspekta akacheka bila furaha, akanigeukia mimi.

"Yeye hajui. Wewe unajua. Umezaliwa hapa."

"Ndiyo, bwana."

"Nani wanavuta?"

"Ninawajua baadhi, bwana. Lakini waliambiwa hawatatajwa."

"Mzee amepasuliwa kichwa. Unataka wezi watembee?"

"Sitaki. Waliokuja kwangu hawakusema wameiba. Walisema wanavuta."

"Ni kitu kimoja."

"Hilo ndilo alilotumwa huyu bibi kulichunguza," nilisema, na papo hapo nikaona nimevuka mpaka. Inspekta akasema taratibu kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, nakula mshahara wa serikali, na mwalimu anayewaficha wahalifu hafai kulea watoto wa watu. Akatupa ruhusa ya kwenda kwa namna ambayo ilikuwa zaidi kitisho kuliko ruhusa.

Tulipotoka nje tulimkuta yule mama wa kofia amesimama juani kwenye uwanja wa stesheni, amebeba chano cha chakula kilichofunikwa. Mwanawe alikuwa korokoroni.

Ilikuwa hivi. Mtu mmoja alisema alimwona kijana yule Ijumaa akiendesha baiskeli kwa kasi kuingia mjini, jasho linamtoka, sala imeshaisha. Askari wakamuuliza alikuwa wapi. Akasema msikitini. Wakaenda kumuuliza baba yake mlangoni pa msikiti, wala hawakumweleza wanachokitafuta: "Mwanao alisali hapa Ijumaa?" Na yule mzee, ambaye sijapata kumsikia akisema uongo hata wa kumbembeleza mtoto, akajibu, "Yeye amesema alisali. Mimi sikumwona." Kwa maneno hayo mawili matatu alimfunga mwanawe. Kesi ilikuwa ya kuvunja na kujeruhi, na wiki ile ile angepelekwa mbele ya hakimu.

Tulirudi nyumbani, mimi na mtafiti. Tulipofika uani nilimwambia, "Tunajua hakuwa bandarini. Alikuwa Tongoni."

"Tunajua," alisema.

"Basi twende tukaseme."

Alivua miwani akayafuta macho. Akaniambia kwamba tukisema neno moja, hata la kumwokoa mtu, kesho kila mama wa Ngamiani atajua kwamba maneno yaliyosemwa hapa yanaweza kufika stesheni. Wenzake wawili wa Tongoni watasakwa. Wale waliotuamini watajuta. "Na kijana mwenyewe alikuomba nini?" aliniuliza.

"Nisimwambie baba yake."

"Basi."

"Basi afungwe kwa wizi wa mtu mwingine?" Nilipandisha sauti mpaka shangazi akatoka jikoni. "Wewe utapanda meli uende zako. Mimi nitakutana na mama yake bombani kila siku."

Akavaa tena miwani yake, na nilimchukia kidogo. Usiku ule sikula. Shangazi aliniambia tu, "Siri ya mtu ni amana. Amana hairudishwi ila kwa mwenyewe." Nikaipokea kauli ile kama njia: kijana mwenyewe ndiye wa kuombwa ruhusa.

Asubuhi yule mama alikuja kabla sijaenda kwake. Hakupiga hodi, aliingia, akakaa kwenye mkeka ule ule, akanishika goti.

"Amenambia jana nilipompelekea chakula. Amesema, mwalimu anajua nilikuwa wapi. Alikuwa wapi, mwanangu?"

"Mama, alikuomba uje uniulize?"

"Hakuniomba. Amesema unajua, basi."

"Leo ukimpelekea chakula, mwombe ruhusa. Akisema ndiyo nitakwambia papo hapo. Nisamehe, mama. Nilimwahidi."

Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Alinitazama tu, uso umemwiva, akasimama, akajitanda kanga yake vizuri, akatoka. Tangu saa ile mpaka alasiri sikuweza kushika kazi yoyote. Nilipepeta mchele ule ule mara nyingi mpaka shangazi akaninyang'anya ungo. Kila hatua iliyopita kichochoroni nilidhani ni yeye. Nilijiuliza kijana akikataa nitafanyaje, na kila mara nilifika mahali pamoja: nitasema tu, kisha sitaweza kumtazama mtu yeyote tena, au sitasema, kisha sitaweza kujitazama mimi.

Akarudi alasiri. Alikuwa amelia njiani, ila sasa macho yalikuwa makavu.

"Amesema hivi: amwambie mama, si baba. Afadhali jela kuliko baba ajue."

Nikamwambia. Tongoni, baiskeli, bangi, msikiti wa kale, bibi mwenye ufagio. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye kibla aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu: "Huyo bibi wa ufagio, ni mtu wa Tongoni kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaanza kuinuka. "Wewe umefungwa na ahadi yako, nami sikulaumu. Mimi sikumwahidi mtu. Aliniambia nisimwambie baba yake, na mimi sikumjibu kitu. Nimemzaa mimi. Vaa buibui, twende."

Tulimkuta muadhini barazani kwake, watoto wa chuo ndio wametawanyika, juzuu zimepangwa juu ya jamvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo haikuwa yake. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. Mkewe hakukaa.

"Mwanao si mwizi," alisema. "Ijumaa alikuwa Tongoni anavuta bangi."

Sijapata kuona mtu akipigwa na habari mbili kwa pamoja namna ile, moja ya faraja na moja ya msiba. Alinigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Mwenyewe ameruhusu nimwambie mama yake," nilisema. "Mengine mwulize mama."

"Tongoni mahali gani?"

Mkewe akamwambia. Hakumpunguzia. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mzee alitazama chini, vidole vyake vikawa vinahesabu kama vilivyozoea tasbihi, lakini havikuwa na tasbihi. Mkewe akaanza kusema kwa haraka, sasa sauti ikimpasuka: "Mfukuze akitoka. Mchape. Usimtaje jina humu ndani. Lakini kwanza mtoe. Wewe ndiye uliyesema hukumwona."

"Nilisema kweli."

"Ulisema kweli. Basi kaseme na hii."

Nilisikia maji yakimwagwa nyumba ya jirani. Kisha muadhini akasimama, akavaa kofia yake, akasema, "Basi la Pangani, linalopita Tongoni, linaondoka saa ngapi?"

Tulikwenda Tongoni asubuhi iliyofuata, yeye na mimi na mkewe. Njia nzima alikaa mbele yetu, mgongo wima. Hatukupata taabu kumtafuta yule bibi wa ufagio. Kila mtu kijijini alimjua mfagiaji wa makaburi. Alikuwa mfupi, mwepesi, na alipoulizwa kuhusu vijana wa Ijumaa alipandwa upya na hasira.

"Mie n'liwaona! Watatu! Mmoja ana kovu hapa juu ya nyusi. Huyo n'limchapa. Msikitini mwa wazee wetu, wanafusha moshi! Kama una mtoto wewe baba, nawe ungechapa."

Muadhini aliinamisha kichwa. "Huyo mwenye kovu ni wangu," alisema. "Nakuomba radhi. Na nakuomba uje mjini, uyaseme hayo hayo mbele ya serikali."

Yule bibi alimtazama juu mpaka chini, kanzu na kofia, akaelewa ni mtu wa namna gani anayesimama mbele yake. Hasira ikamtoka usoni. Akaingia ndani kuchukua kanga ya kutokea.

Sikuingia chumbani mwa inspekta siku ile; waliingia wao watatu. Nilisubiri nje na nilisikia sauti ya muadhini kupitia dirishani, sauti ile ile iliyoamsha mtaa kila alfajiri, ikisema polepole ili askari afasiri: "Mwanangu anavuta bangi. Alivuta Ijumaa wakati wa sala, mahali patakatifu. Hakuvunja bohari. Huyu ni shahidi." Vijana wengine walikuwa wamekaa chini ukutani, wanangoja kuhojiwa, na wote walisikia. Kufikia Magharibi Ngamiani yote ilikuwa imesikia.

Kesi ya bohari ikafutwa kwake. Ya bangi ikabaki, kwa kukiri kwake mwenyewe, na kwa umri wake liwali akamhukumu viboko. Wenzake wawili hakuwataja, na baba yake hakumlazimisha. Muadhini alikwenda kushuhudia adhabu. Mkewe aliniambia baadaye kwamba walirudi kwa miguu njia nzima, baba mbele, mwana nyuma, na walipofika baba alichemsha maji ya chumvi yeye mwenyewe akamkanda mgongo. Wiki iliyofuata kijana akapelekwa Pemba kwa baba yake mkubwa, mkulima wa karafuu.

Wazazi kadhaa waliondoa watoto wao chuoni kwake. Mtu ambaye mwanawe mwenyewe anavuta bangi msikitini, walisema, atafundisha nini? Aliendelea kufundisha waliobaki. Aliadhini kama siku zote, na kuna waliosema sauti yake imepungua, lakini mimi sikuisikia imepungua.

Waliovunja bohari walikamatwa baada ya miezi, Mombasa, wakiuza zile nguo. Walikuwa watu wazima, mmoja wao aliwahi kufanya kazi mle mle boharini. Mlinzi alipona, ila jicho moja halikuona vizuri tena.

Mtafiti alimaliza kazi yake. Kabla hajaondoka alisoma muhtasari wa ripoti mbele ya wakubwa bomani na wazee wachache wa mji, nami nikafasiri kwa mara ya mwisho. Alisema hakuona kwamba wavutaji ndio wezi. Alisema kijana anayeogopa viboko haachi, anajificha. Na anayejificha huangukia mikononi mwa watu wabaya zaidi. Akataja kazi, michezo, na mahali ambapo mzazi anaweza kuomba msaada bila kumkabidhi mtoto wake kwa askari. Bwana shauri alimshukuru kwa adabu. Mzee mmoja aliuliza kama viboko vitaongezwa. Vikaongezwa.

Mimi nilihamishiwa Pangani shule zilipofunguliwa. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Sikuuliza. Akina mama wa Ngamiani walikuja kuniaga kwa wingi ambao sikuutarajia, wengine hata sikukumbuka walisema nini kwenye ule mkeka. Na labda ndiyo maana walikuja.

Nilikutana na yule kijana miaka michache baadaye, likizo, nyumbani kwa wazazi wake. Alikuwa amerefuka, mikono imekakamaa kwa kazi za shamba. Mama yake alikuwa anatutilia chai na baba yake yupo barazani, tunamsikia akiwasahihisha watoto. Tulizungumza habari za Pemba, za mvua na bei ya karafuu. Kisha mama alipokwenda kuongeza sukari, aliniambia kwa sauti ya chini, lakini bila kuinamisha macho kama siku ile:

"Sijaacha kabisa, mwalimu. Kuna miezi inapita sigusi, kuna siku nagusa."

"Baba anajua?"

"Namwambia," alisema. "Kila nikigusa namwambia. Hukasirika, hununa siku mbili. Siku ya tatu huniita twende sala pamoja."

Barazani mtoto mmoja alikosea aya, na sauti ya muadhini ikamrudisha mwanzo, bila haraka.